Maji ya Magadi Yaliyotoa Rangi ya Bedford

Kama mwanao analeta nyumbani vipande vya gari la zamani, mlango au boneti au madigadi, akakuambia anatoa rangi tu, usimfukuze. Lakini usikae mbali pia. Simama hapo hapo alipo. Uliza kila kinachotoka kwenye bati hilo kinakwenda wapi. Mimi niliuliza habari za vumbi, nikauliza habari za moshi, nikauliza habari za mikono yake. Kitu kimoja sikuuliza, na hicho ndicho kilichotufanya Jumapili ile tukimbizane uani kama tumevamiwa na simba.

Sisi tunakaa Oldonyo Sambu, nyuma ya mlima Meru, kwenye upepo. Mwanangu wa kwanza ni Lesian. Ujana wake wote ameumalizia Mirerani machimboni, mwanaapolo, wale wa kushuka shimoni na tochi kichwani. Miaka hiyo simu ikiita na namba nisiyoijua naishika kwa mikono miwili. Mwaka huu baada ya Pasaka akarudi na begi lake, akasema amechoka na shimo. Kuna mzee Kisongo, anaitwa Jamaldini, ana gereji ya kufufua magari ya zamani, amekubali kumtazama.

"Kukutazama maana yake nini?" nikamuuliza.

"Yeyo, maana yake ananipa kazi moja." Yeyo ndiyo mama kwa lugha yetu. "Nikiiweza ananichukua. Nisipoiweza, Jumatatu narudi Mirerani. Wenzangu wamenishikia nafasi."

Mama mwenzangu, hebu fikiri. Mwana wako anakuambia maisha yake yako juu ya mlango wa gari! Kuanzia siku hiyo ule mlango ukawa mlango wangu.

Gari lenyewe ni lori la Bedford, la zamani sana, alilokuwa akiendesha marehemu baba yake Bi Twahira wa Themi. Bi Twahira anataka liwake tena na lipakwe rangi upya. Jamaldini akampa Lesian milango miwili na boneti, akamwambia rangi yote itoke mpaka bati libaki tupu, pasiwe na mkwaruzo. Yeye mwenyewe atakuja kuangalia Jumapili mchana. Na akampa katazo moja: asipige msasa mkavu wala asiguse grenda, kwa sababu rangi za zamani zina sumu na vumbi lake likiingia kifuani halitoki.

Nilimpenda huyo mzee kabla sijamwona. Mtoto katoka kwenye vumbi la shimo, halafu anapata bosi anayeogopa vumbi! Nikasema Mungu amejibu.

Lesian akaanza na dawa ya dukani, ya kwenye kopo, inayopakwa juu ya rangi mpaka inavimba. Ijumaa alikuwa anaipaka chini ya mti wa uani, mimi nachambua maharage, mara nikasikia "Aaa!" Nikamwaga maharage yote. Dawa ilikuwa imepenya kwenye glovu, na glovu zenyewe kumbe ni zile laini za kuoshea vyombo. Ngozi ya mkono ilikuwa imebadilika rangi tayari. Nikamvuta mpaka kwenye pipa la maji, nikammwagia na kummwagia mpaka akasema sasa anasikia baridi. Kisha nikalichukua lile kopo.

"Hili halifunguliwi tena kwenye boma langu."

"Yeyo, sasa nitatoa rangi na nini? Na maombi?"

"Hata maombi huyajui. Ungekuwa unakuja kanisani ungeyajua."

Binti yangu Silantoi akacheka mpaka akakaa chini. "Mwambie Mama, mwambie! Apige magoti mbele ya boneti!"

Baba yao, Yiamat, alikuwa kwenye kiti chake amefunika uso na kofia. Tukadhani amelala. Akasema neno moja kutoka chini ya kofia: "Magadi."

"Magadi ya nini?" nikamuuliza.

"Mlango wa kanisa la zamani, kabla hatujaupaka upya, tuliuosha na nini? Magadi ya moto. Rangi ilijivua kama nyoka." Akainua kofia akamtazama mwanae. "Chemsha magadi mengi kwenye pipa. Tumbukiza bati lako. Kaa unywe chai."

Nilifurahi, siwezi kukuficha. Magadi yenyewe ni haya ya kutoka kaskazini, ziwani, yanauzwa mnadani kwa madebe. Tunatia kwenye makande maharage yaive upesi. Wazee wanatia kwenye ugoro. Ng'ombe tunawapa walambe, na ng'ombe akisikia harufu ya magadi humshiki. Kitu cha nyumbani. Hayana moshi wa dukani, hayana vumbi, hayatoboi glovu. Nikajiambia, sasa mwanangu yuko salama.

Jumamosi ilikuwa sikukuu! Lesian alipasua pipa la mafuta katikati, akalilaza juu ya mawe, tukachochea moto. Maji yakachemka, magadi yakayeyuka, mvuke ukapanda mpaka paa la jiko. Mlango wa kwanza ukaingia nusu, nusu ukabaki nje umeegemea mti.

"Leo tunakula makande ya gari," Silantoi akasema. "Mama, chumvi ipo?"

"Wewe cheka tu," kaka yake akamjibu. "Nikipata kazi, pikipiki yangu utaiona kwa mbali."

"Pikipiki! Hata mlango wenyewe haujaiva."

Tukangoja. Kwanza hakuna kitu. Kisha Lesian akainama, akapiga kelele, "Njooni! Njooni muone!" Tukakimbia wote, hata Yiamat na fimbo yake. Rangi ya juu, ile ya kijivu, ilikuwa imejikunja kama utandu wa maziwa yaliyochemka. Lesian akatafuta kitu cha mbao cha kuisukuma, maana chuma kingekwaruza bati, na bila kuniangalia akachukua mwiko wangu wa ugali.

"Mwiko wangu!"

"Nitakununulia kumi!"

Akasukuma. Utandu ukateleza wote kwa pamoja, ukaanguka majini pwaa! Chini yake bluu. Tukaacha ichemke tena, bluu ikateleza, chini yake nyekundu ya matofali. Na pale kwenye nyekundu, sijui nikuelezeje, herufi zikaanza kutokea. Nyeupe, za mkono, zimeandikwa kwa brashi na mtu anayejua kuandika. Silantoi akazisoma kwa sauti: "NAJIM NA WANAWE, ARUSHA."

"Huyo ndiye baba yake Bi Twahira," Lesian akasema, na sauti yake ilibadilika. "Yeyo, lete simu. Hizi zikitoka hazirudi." Tukapiga picha, Lesian akamtumia Jamaldini, na Jamaldini akajibu kwa kupiga mwenyewe, akipiga kelele hata sisi tulisikia, kwamba Bi Twahira amelia barabarani Themi na watu wanamuuliza amefiwa na nani.

Ndivyo ilivyokuwa siku ile. Mimi ambaye hulala nikihesabu hatari, nilikuwa nachochea moto naimba.

Chini ya ile nyekundu ya matofali kulikuwa na rangi moja ya mwisho, ya chungwa kali, nyembamba, imeshika bati kama ngozi. Hiyo ilikuwa ngumu. Lesian akaongeza magadi, akaongeza kuni, akaisugua kwa mwiko na kwa gunzi la mahindi mpaka ikalegea na kuyeyukia majini, maji yakawa kama chai ya maziwa. Jioni milango yote miwili ilikuwa tupu. Akaiosha kwa maji safi, akaikausha, akaifuta na mafuta ya taa ili kutu isiwahi. Jumapili alfajiri akamaliza boneti. Nilijiona uso wangu ndani ya boneti ile! Wamama waliokuwa wanapita kwenda kanisani wakasimama kwenye uzio. "Mama Lesian, mmefungua kiwanda cha sufuria?" Nikawaambia ndiyo, na foleni ni ndefu.

Sasa sikiliza vizuri hapa. Uchafu wa rangi, yale maganda, niliyazoa mwenyewe. Nilifunga kitambaa puani, nikayatia kwenye gunia, nikafunga gunia kwa kamba, nikachimba shimo mbali na bomba la maji na nikayafukia. Nilijiona mwanamke makini kuliko wote wa Oldonyo Sambu. Nikanawa mikono mpaka kiwiko.

Maji yakabaki kwenye pipa. Nikataka kuyamwaga. Yiamat akaja mbio kuliko nilivyowahi kumwona.

"Mama Lesian! Una wazimu? Magadi yote yale?"

"Yamechafuka, Baba Lesian."

"Uchafu umeutoa. Kilichobaki ni magadi. Lete kanga kuukuu."

Kwetu magadi hayamwagwi. Tangu niolewe sijaona mtu akimwaga magadi. Tukashika kanga, yeye huku mimi huku, tukayachuja, makombo yote yakabaki juu. Yaliyopita yalikuwa yametulia, meupe meupe, mtu angedhani ni maji ya mchele. Yiamat akayamimina kwenye hori la ng'ombe, lile la gogo alilochonga baba yake, lililoko ndani ya zizi. Alisema jua litayakausha na ng'ombe watalamba mpaka mvua za vuli. Tukaenda kanisani. Silantoi hakwenda, alikuwa ameshatoa ng'ombe zizini tangu alfajiri kuwapeleka malishoni na mtoni.

Mchana Jamaldini akafika na pikapu yake. Mzee mwembamba, kofia nyeupe, kifua kinapiga filimbi akipumua.

"Hodi wenyewe!"

"Karibu, karibu sana," Yiamat akamjibu. "Hapa ndiyo gereji ya Kisongo, tawi la juu."

"Shikamoo mzee," Lesian akasema.

"Marahaba. Wapi mali yangu?"

Milango na boneti tulikuwa tumeviegemeza ukutani, juani. Jamaldini akachuchumaa. Akapitisha kucha, akapitisha kiganja, akafumba macho akapitisha kiganja tena. Akatoa kitambaa cheupe mfukoni, akafuta kona za ndani ambako bawaba hufungwa, akakiangalia kitambaa. Mimi nilikuwa nimeshika sinia la chai.

"Umetumia nini?" akauliza.

"Magadi, mzee. Ya moto."

"Magadi gani? Haya haya ya ugoro?"

"Haya haya."

Jamaldini akaangua kicheko mpaka kikohozi kikamshika. "Wallahi! Miaka yote nanunua makopo, naunguza vijana mikono, kumbe dawa iko mnadani na wavuta ugoro!" Akaupiga mlango konzi, ukalia kama kengele. "Bati halina hata mkwaruzo mmoja. Hebu oneni!" Akanigeukia. "Mama, huyu ulimzaa au ulimfua?"

Tayari nilikuwa nimevuta pumzi nipige kigelegele. Nilishaona Jumatatu, nilishaona mwanangu yuko juu ya ardhi, kwenye jua, anapaka rangi. Ndipo mzee akauliza kama mtu anayeuliza chumvi:

"Na uchafu wake mmeweka wapi?"

"Nimeufukia," nikasema kwa haraka. "Kwenye gunia, mbali na maji."

"Vizuri sana. Tutaufukua niondoke nao, gerejini nina mapipa ya uchafu huo. Na maji?"

Yiamat akamtazama Lesian, akamkonyeza, akaelekeza kidevu upande wa shimo. Niliona kabisa. Alikuwa anamwambia sema tumemwaga. Alijua tu kutokana na sura ya mzee kwamba jibu la kweli halitapendeza, na kazi ya mtoto ilikuwa pale, imebaki kushikwa. Nami, Mungu anajua, nilitaka aseme hivyo hivyo. Midomo yangu ilikuwa inamsemea.

Lesian akamtazama baba yake. Akatazama chini.

"Baba ameyachuja, mzee. Yako kwenye hori."

"Hori la nini?"

"La ng'ombe."

Sijawahi kuona mtu akiruka kutoka kuchuchumaa namna ile. "Ng'ombe wako wapi? Ng'ombe wako wapi sasa hivi?"

"Mtoni, wanarudi," nikasema. "Kwani..."

"Ile rangi ya chungwa ya chini! Mliiona ya chungwa? Ile ni madini ya risasi! Imeyeyuka, imo humo ndani ya maji, kanga haichuji kitu kama hicho! Akinywa ng'ombe anakuwa kipofu, anasaga meno, anakufa! Hori liko wapi?"

Na hapo hapo tukasikia kengele ya Narok.

Narok ni ng'ombe wetu mweusi, ndiye anayetangulia. Kengele yake huwa inakuja taratibu, ting, ting. Siku ile ilikuwa inakuja kama mtu anapiga sahani. Walikuwa wamesikia harufu ya magadi! Nyuma yao Silantoi anakimbia, simu mkononi, anapiga kelele, "Mama! Wamekuwaje hawa? Mama!"

"Wazuie!" nikapiga kelele. "Usiwalete!"

"Nani anawaleta? Wananileta wao!"

Mlango wa zizi ulikuwa wazi, ile miba ya kufungia tulikuwa tumeivuta kando wakati wa kubeba maji. Yiamat akakimbia akiwaita ng'ombe kwa majina, huku akipunga fimbo, lakini fimbo ile hata siku zote hawaiogopi. Jamaldini akakimbilia hori, nikamkimbilia Jamaldini, nikaanza kuliinua nilipindue.

"Usimwage humu!" akafoka. "Watalamba udongo! Msimwage ndani ya zizi!"

Sasa tufanye nini? Kwato zilikuwa zinatikisa ardhi. Nikamwona Lesian. Alikuwa ameshika mlango wa Bedford, ule wa kwanza, ule uliokuwa na jina, unang'aa kama jua, anakimbia nao kifuani. Nikajua anachotaka kufanya. Nikapiga kelele, na nitakuambia ukweli nilichosema: "Lesian, si huo! Si huo mlango!" Kwa maana ule ndio ulikuwa kazi yake.

Hakunisikia, au alinisikia. Akafika langoni, akausimamisha mlango katikati ya miti miwili ya lango, akaweka bega nyuma yake. Narok hakupunguza mwendo. Bwaa! Sauti ile nadhani walisikia mpaka Ngaramtoni. Lesian akarudi nyuma hatua, akasukuma. Narok akarudi nyuma, akaja tena na pembe. Bwaa! Yiamat akamshika pembe, Silantoi mkia, wote wanapiga kelele kwa Kimaasai na Kiswahili na lugha ambayo sijui ni ipi.

Nado akapita. Nado ni mtamba, mdogo, mwekundu, mwembamba. Kati ya mlango na mti palikuwa na nafasi ya kichwa, na kichwa cha Nado kikipita Nado mzima amepita. Akaja moja kwa moja kwenye hori, ulimi umeshatoka.

Nikajilaza juu ya hori. Ndiyo, na gauni langu la kanisani, tumbo chini, mikono huku na miguu huku. Nado akanilamba shingo, akanilamba sikio, akanisukuma kwa pua, mimi nimeshikilia gogo natamani kuwa mpana zaidi. "Toka! Toka mtoto wa watu!" Jamaldini, na kifua chake kile, akavua koti, akamfunika Nado macho, akamvuta kwa sikio mpaka nje huku anakohoa na kumtukana kwa heshima.

Ng'ombe wote wakapelekwa boma la jirani yetu Fanuel na kufungiwa huko. Mimi nikaambiwa nikaoge mara moja, maji mengi, na sabuni, na gauni lisifuliwe pamoja na nguo za mtu. Nilipotoka, Lesian na Yiamat walikuwa wamejifunga vitambaa, wanachota yale maji kwa kopo na kuyatia kwenye madumu yenye vifuniko. Gunia wakalifukua. Kanga ile, mwiko ule, vyote vikaingia kwenye pikapu. Jamaldini akagusa hori.

"Mzee mwenzangu, na hili linakwenda."

"Hilo alichonga baba yangu," Yiamat akasema.

"Najua. Lakini mti umekunywa. Ukilichoma, moshi wake ni sumu ile ile. Ukiliacha, watalamba mpaka mwakani."

Yiamat akashika upande mmoja wa hori mwenyewe, akasema, "Haya, nyanyueni," na hatukuzungumza habari hiyo tena.

Lesian alikuwa amesimama na mlango wake. Ulikuwa umebonyea katikati kama beseni, na pembe ilikuwa imechora mstari mrefu kutoka dirishani mpaka chini. Akauweka mbele ya Jamaldini, taratibu, kama mtu anayerudisha kitu alichoazimwa.

"Ulisema pasiwe na mkwaruzo, mzee. Nimeuharibu. Naomba tu nisaidie kupakia, kesho nitaondoka."

Nilitaka kusema. Nilikuwa na maneno mengi mdomoni: kwamba alikuwa anaokoa ng'ombe, kwamba kosa si lake, kwamba machimboni mtu anashuka na hujui kama atapanda. Mzee hakuningoja.

Jamaldini akachukua nyundo ya mpira kwenye pikapu, na kipande cha chuma kizito. Akaweka chuma upande mmoja, akagonga upande wa pili, tok, tok, tok, anasogea kidogo kidogo. Beseni likaanza kuinuka. Hakumaliza. Akampa Lesian nyundo.

"Bati linanyooka. Hapa, gonga pembeni, usianzie katikati." Kisha akamgeukia Yiamat. "Na wewe nilikuona ukimkonyeza."

Yiamat akajikohoza. "Vumbi lilikuwa limeniingia jichoni."

"Vumbi! Angeniambia yamemwagwa, ningekunywa chai ya mama hapa nikaenda zangu nikicheka, na saa hizi ng'ombe wako wangekuwa wanalamba." Akamtazama Lesian, ambaye alikuwa anagonga na machozi yanamtoka na anajifanya ni jasho. "Mimi kijana aliyejua kutoa rangi nimewahi kuwa naye. Nilimuuliza maji yako wapi, akasema nimemwaga mbali. Mbuzi wangu wawili walijua ni wapi, wakafa. Huyo hayupo kwangu tena. Wewe kesho saa moja uwe Kisongo. Usichelewe."

Basi kile kigelegele nilichokuwa nimekimeza kikatoka. Kilitoka na kikohozi na kilio, Silantoi akakidaka, na wamama waliokuwa wanapita uzioni wakakidaka bila kujua ni cha nini, mpaka barabarani.

Daktari wa mifugo, Anande, alikuja jioni ile ile. Akamwangalia Nado macho, akampungia mkono mbele yake, akaona anapepesa. Alisema tumwangalie kwa siku nyingi: akiacha kula, akigonga vitu, akisaga meno, tumpigie simu na tusimchinje. Mpaka sasa anakula, na ananichukia. Lakini kila asubuhi nampitishia mkono machoni. Wewe usidhani ya kwako yatakwenda hivyo. Mimi nilikuwa na mtu wa kuniuliza swali, na mtoto aliyelijibu.

Kwa hiyo nakuambia, rangi ya zamani ikitoka kwenye bati haijaisha. Iko kwenye ganda, iko kwenye maji, iko kwenye mwiko na kwenye nguo. Usiipe mnyama, usiichome, usiimwage shambani, usimwache mtoto acheze karibu. Na maji yakionekana safi, hapo ndipo uyaogope.

Jumatatu Lesian aliamka kabla ya jogoo, akavaa shati, akatoka nje. Akanikuta getini na kitenge changu na mkoba.

"Yeyo, unakwenda wapi?"

"Kisongo."

"Kufanya nini?"

"Kuona hayo mapipa."

"Yeyo! Hakuna fundi anayekwenda kazini siku ya kwanza na mama yake!"

"Leo yupo."

Alilalamika mpaka barabara ya lami, na kwenye gari akakaa kiti cha mbali kama hatujuani. Jamaldini aliponiona akacheka, akavua kofia, akanionyesha njia mpaka nyuma ya gereji. Mapipa yalikuwa yamepangwa chini ya bati, kwenye sakafu ya saruji, yameandikwa hatari kwa rangi nyekundu. Nikapita nikigonga mfuniko mmoja mmoja. Mmoja ulikuwa umelegea. Vijana wa gereji waliacha kazi wakawa wananiangalia, na Lesian alitamani ardhi impokee. Nikasimama pale pale mpaka alipoleta spana akaukaza.